Bei ya Haki ya Mashua Kuukuu

Mvuvi anapofariki dunia katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Kionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, aghalabu mali kubwa anayoiacha ni chombo chake. Mashua haigawanyiki ubao kwa ubao. Hapana budi iuzwe, au ndugu mmoja aichukue na kuwalipa wenziwe, na hapo ndipo linapozuka swali la thamani yake. Kwa jamaa wanaofuata sheria ya Kiislamu ya mirathi, mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni baada ya madeni kulipwa. Basi kila metikali 8,000 zinazopunjwa katika bei, 1,000 zimetoka mkononi mwake, na zilizobaki zimetoka kwa watoto na warithi wengine.

Kosa lililo la kawaida ni kuuliza chombo kina miaka mingapi, kisha kukisia. Umri ni kipimo dhaifu. Mashua inayopakwa sifa na deheni kwa wakati wake huweza kuwa nzima kuliko iliyoundwa juzi ikaachwa juani. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na vilivyoifikia Palma Machi 2021, viliwafanya watu wengi kuyahama makazi yao. Na chombo kilichokaa mchangani bila mwenyewe hukauka, mbao zikaachana na kalafati ikatoka. Vingine vilifanya kazi kupita kiasi: mwaka 2020 maelfu ya watu walifika kwa mashua na majahazi katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba.

Wakati mzuri wa kukagua ni bamvua, maji yanapokupwa sana na chombo kukaa mchangani. Fundi asiye na udugu na upande wowote aitwe, naye agonge mbao moja moja kuanzia omo hadi tezi. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu. Ulioliwa na wadudu wa baharini huitika kama debe tupu. Achunguze mkuku na mataruma, kwa kuwa ubao wa ubavuni hubadilishwa kwa siku moja, lakini mkuku ukioza mashua imekwisha.

Mashine ya nyuma ithaminiwe mbali na chombo. Iwashwe ikiwa baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla mnunuzi hajafika. Maji ya kupoozea yatoke kwa nguvu. Mafuta ya gia yakiwa meupe kama tui, maji ya chumvi yamekwisha kuingia ndani.

Jambo hili si geni duniani. Wanunuzi wa magari ya umeme yaliyotumika wamo katika fumbo lilo hilo. Gari la Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010, lina vipande 12 vya taa vinavyoonyesha nguvu iliyobaki katika betri, na mnunuzi mwerevu huvihesabu hivyo kabla ya kutazama rangi au kilomita, kwa sababu betri hudhoofika kwa joto hata gari likisimama. Kwa mvuvi, mashine ndiyo betri yake.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ikiwa kuunda mashua mpya ya kimo hicho kungegharimu metikali 100,000, na fundi akisema kuwa ikitengenezwa itafanya kazi nusu ya umri wa mpya, thamani ni 50,000. Ondoa 8,000 za mbao na kalafati, zabaki 42,000. Tanga lililochakaa nusu, ambalo jipya ni 8,000, litiwe 4,000. Mashine ambayo mpya ni 120,000, iliyobakiwa na theluthi ya kazi, ni 40,000. Ondoa 6,000 za vipuri, zabaki 34,000. Jumla ni 80,000, na thumuni ya mjane ni 10,000. Shemeji akitoa 48,000 kwa sababu “hali ni ngumu”, mjane atapata 6,000.

Uhaba nao una haki ya kusemwa. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, vyombo vingi vya uvuvi viliharibika, na palipo na vyombo vichache bei hupanda. Mjane asikimbilie kuuza wakati wa kusi kali, safari za baharini zinapopungua na wanunuzi wanapojua kuwa jikoni hamna kitu.

Yapo pia majumba yasiyouza kabisa. Huiacha mashua kwa nahodha mwaminifu, na kila samaki wakigawanywa, fungu la chombo hupelekwa nyumbani kwa marehemu, likagawanywa huko kwa hesabu ile ile ya mirathi. Katika mpango huo gharama za matengenezo hutolewa kwanza katika fungu la chombo, tena ziandikwe katika daftari, na daftari likae kwa mjane.