Sukari si ya ukoo pekee: Niliyojifunza Lodwar na Kakuma

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi Kakuma, mwaka wa nne sasa. Alipofika mwezi wa saba wa ujauzito wake wa kwanza alinipigia simu usiku. "Kaka, kliniki wamenipima, wanasema sukari imepanda. Imetoka wapi, na kwetu hatuna mwenye sukari?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lenyewe nalijua, kwa sababu hulisikia kila wiki barazani hapa Mombasa. Mtu akiambiwa ana kisukari, jambo la kwanza tunauliza ukoo. Akiwa na mjomba aliyekatwa mguu, basi, tumeshapata sababu. Akiwa hana, tunasema ni mitihani ya Mwenyezi Mungu na mazungumzo yanaishia hapo.

Nikafunga safari kwenda kumwona. Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Kitale, kisha teremko refu mpaka Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana. Njiani nilikuwa nikisoma kwenye simu, na nikashangaa. Swali la mdogo wangu lilikuwa limefanyiwa utafiti na wanasayansi kwa miaka kadhaa, tena miongoni mwa Waturkana wenyewe. Ndugu msomaji, nimeandika haya kwa sababu majibu waliyopata yanatuhusu sisi wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Jamii moja, maisha matatu

Lodwar ni mji wa joto kavu. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, wakati Mombasa tunapata zaidi ya 1,000. Katika nchi hiyo Waturkana wameishi kwa kufuata mbuzi, ngamia, ng'ombe na punda wao. Mfugaji anayehamahama hupata sehemu kubwa ya chakula chake, kati ya asilimia 70 na 80, kutoka kwa wanyama: maziwa mabichi, maziwa ya kuganda, nyama na damu. Usikunje uso; kila watu na chakula chao. Na hutembea mchana kutwa.

Tukifuata mafundisho ya mabango ya hospitali, mtu wa mafuta na nyama kiasi hicho angetarajiwa kuwa na kolesteroli juu na moyo mgonjwa. Sivyo ilivyo.

Mwaka 2020 timu ya watafiti wa Kenya na Marekani, wakiwemo Amanda Lea na Julien Ayroles waliokuwa Chuo Kikuu cha Princeton, Dino Martins wa Kituo cha Utafiti cha Mpala na Joseph Kamau wa Nairobi, walichapisha matokeo katika jarida la Science Advances. Walikuwa wamewapima Waturkana watu wazima 1,226 katika maeneo 44. Walipima uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta kwenye damu. Uzuri wa utafiti huu ni kwamba watu wote walikuwa wa jamii moja, damu moja, ila maisha yao yamegawanyika mara tatu. Kuna wafugaji wa kuhamahama. Kuna wanaokaa vijijini lakini wameacha kufuga, wanachoma makaa, wanasuka vikapu, wananunua unga na sukari dukani. Na kuna waliohamia mijini, wengine mbali kabisa na Turkana, katikati ya Kenya.

Wafugaji walikutwa na afya nzuri ya moyo na sukari. Hilo labda ulilitarajia. Ambalo mimi sikulitarajia ni kwamba wale wa kijijini wanaonunua unga hawakutofautiana sana na wafugaji. Kula wanga kidogo wa dukani hakukuwaharibu. Mabadiliko makubwa yalionekana kwa wa mjini: unene, presha, sukari na mafuta ya damu vyote vilikuwa vibaya zaidi. Yaani madhara hayakuja hatua kwa hatua, kila kikombe cha sukari na dhambi yake. Mwili ulivumilia mpaka mahali fulani, kisha maisha yote yakageuka kwa pamoja, chakula, mwendo, usingizi, na hapo ukashindwa.

Hukumu basi haiwezi kuwa ya ukoo peke yake. Nasaba huchangia, hakuna anayebisha. Lakini hawa ni watu wa nasaba moja, na kilichowatenganisha ni mahali na namna wanavyoishi.

Ndani ya mwili kunatokea nini

Kongosho hutengeneza homoni iitwayo insulini. Ukila, sukari huingia kwenye damu, na insulini huiambia misuli na ini waipokee. Misuli ndiyo ghala kubwa. Na misuli ina jambo moja la ajabu: ikiwa inafanya kazi, hunyonya sukari hata insulini ikiwa kidogo. Mchungaji anayetembea jua kutwa ghala lake huwa wazi muda wote.

Sasa mchukue aliyehamia mjini. Asubuhi chai ya sukari vijiko vinne na chapati. Kazini amekaa. Kurudi amepanda bodaboda. Ghala limejaa na halifunguliwi. Kongosho huongeza insulini, misuli inaizoea na kuanza kuipuuza, na mafuta yanajikusanya tumboni na kwenye ini. Mafuta ya tumboni nayo hayakai bure. Hutoa kemikali zinazozidi kuidhoofisha insulini. Ongeza usingizi mchache na mawazo ya kodi na karo, ambayo hupandisha homoni ya kotiso, nayo huliamuru ini limwage sukari zaidi kwenye damu. Siku kongosho inapochoka, ndiyo siku tunayosema "sukari imemwingia". Kumbe ilikuwa njiani miaka kumi.

Figo zinazojua ukame

Mwezi wa Septemba 2025 timu hiyo hiyo, safari hii wakiwemo watafiti wa KEMRI, ilichapisha utafiti mwingine katika jarida la Science. Walisoma jeni zote za Waturkana 367 na wakakuta sehemu nane zilizobadilika kwa vizazi vingi ili kuendana na jangwa. Iliyojitokeza zaidi ni jeni iitwayo STC1. Hufanya kazi kwenye figo, ikiitikia homoni ile inayoziambia figo zibakize maji na kuufanya mkojo uwe mzito. Huenda pia inazikinga figo na taka zinazotokana na kula nyama nyingi. Mabadiliko hayo yalianza kushika nguvu kama miaka 5,000 iliyopita, wakati kaskazini mwa Kenya palipokuwa pakikauka. Watafiti walikadiria kwamba watu tisa kati ya kumi waliowapima walikuwa na upungufu wa maji mwilini, na bado kwa jumla walikuwa na afya njema.

Hofu yao ni hii: mwili uliofundishwa na ukame kubakiza maji na kustahimili nyama unapowekwa mjini, kwenye chumvi, sukari na kukaa, huenda ule ustadi wenyewe ukageuka mzigo. Nilipofika Lodwar na kukaa kwenye hoteli karibu na steji, niliona vijana waliovaa sare za kazi wakiagiza soda na chapati saa nne asubuhi, nikawaza: babu za hawa walishinda jangwa miaka 5,000. Hii soda imekuja juzi tu.

Kakuma, na mtoto aliye tumboni

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, na leo ni mji mkubwa kuliko mingi tunayoiita miji. Kina mama wa Kiturkana huingia kambini na kuni na makaa, hutoka na unga na maharage. Chakula cha msaada ni nafaka, kunde na mafuta ya kupikia, na kwa miaka ya karibuni kimepunguzwa sana. Nisieleweke vibaya: tatizo kubwa la Turkana bado ni njaa. Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 uliua mifugo isiyohesabika, na watoto wengi huko wamekonda kwa utapiamlo. Anayesema warudi wote porini wakanywe maziwa hajui kwamba wengi hawana tena mnyama wa kukamua.

Mdogo wangu nilimkuta amevimba miguu lakini mchangamfu. Anakaa chumba cha mabati. Joto likizidi hatoki. Akitoka ni kwenda darasani tu, hatua mia mbili. Chakula cha karibu ni ugali, wali na chapati, maana mboga hufika kwa lori kutoka Kitale na bei yake si ya mshahara wake. Chai ndiyo inayomchangamsha. Nikamhesabia: vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja. Kwao Mombasa alikuwa akitembea kwenda sokoni kila asubuhi na kula samaki mara nne kwa wiki.

Nikamweleza nilivyoelewa. Katika ujauzito, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ili mtoto apate chakula cha kutosha. Kongosho ya mama inatakiwa iongeze bidii. Ikiwa tayari ilikuwa imechoka, sukari hupanda. Sukari hiyo humfikia mtoto, lakini insulini ya mama haimfikii. Basi kongosho changa ya mtoto hulazimika kufanya kazi ya ziada, naye hunenepa kupita kiasi kabla hajazaliwa. Mama kama huyo, na mtoto wake, huwa katika hatari zaidi ya kisukari baadaye.

Na hapa ndipo utafiti wa 2020 ulinigusa zaidi. Waturkana waliozaliwa katika mazingira ya mji walikuwa na afya mbaya zaidi utu uzimani, hata baada ya kuzingatia wanaishi wapi sasa. Alama ya mazingira huanza kuandikwa mapema, kabla mtu hajachagua chochote. Tunaposema "sukari ya ukoo", mara nyingine tunachorithi ni jiko la nyumbani na namna mama zetu walivyolazimika kuishi wakiwa na mimba zetu.

"Kwa hiyo ni makosa yangu?" akaniuliza. Nikamwambia hapana. Si yeye aliyepanga bei ya mboga Kakuma. Lakini chai ni yake, na miguu ni yake.

Na sisi wa Pwani?

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu Wakenya tisa kati ya kumi walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Sisi hapa tunaamka na mahamri, mchana wali wa nazi, jioni viazi karai, usiku chai ya maziwa na kaimati ikiwa kuna mgeni, na baina ya hayo tumekaa barazani. Wazee wetu walikula nazi na wali pia. Lakini walivuta majarife, walipanda minazi, walitembea kwenda shamba. Tumebaki na sahani yao bila jasho lao.

Utafiti wa Turkana unatupa moyo kwa upande mmoja: mabadiliko madogo mwili huyavumilia. Kwa hiyo hatuhitaji kuacha mahamri. Tunahitaji kurudisha baadhi ya yale tuliyoyaacha. Tembea robo saa baada ya kula, misuli ifungue ghala. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Samaki, kunde, mchicha na mbaazi viwe vingi kuliko wali, wala si mapambo ya pembeni. Lala. Na ukapimwe, hasa mama mjamzito kati ya wiki ya 24 na ya 28. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa sababu ya makala hii.

Mdogo wangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku hizi anakunywa chai ya kijiko kimoja, na jua likishaanguka hutembea mpaka ukingo wa mto Tarach na kurudi, mtoto mgongoni. Kliniki walimwambia arudi kupimwa sukari wiki sita baada ya kujifungua. Wengi hawarudi, kwa kuwa mtoto yuko salama na mama anajisikia mzima. Yeye alirudi, na kipimo kilikuwa kizuri. Ameambiwa apime tena kila mwaka, na mimi nimejiahidi kumkumbusha. Kisha akaniuliza swali ambalo nami nakuachia wewe: "Na wewe, kaka, yako umepima lini?"