Umbali Ndio Kinga ya Mwasha Fataki

Wahenga walinena kuwa tahadhari ni kabla ya hatari, nao hawakukosea. Kila tarehe 4 Julai, Wamarekani huadhimisha uhuru wao kwa fataki, si katika viwanja vya umma tu, bali hata katika nyua za nyumba zao. Furaha hiyo ina gharama. Tume ya serikali yao inayosimamia usalama wa bidhaa ilikadiria kuwa watu 9,700 walitibiwa hospitalini mwaka wa 2023 kwa majeraha ya fataki. Watu wanane walifariki. Viungo vilivyoumia zaidi vilikuwa mikono na vidole, na si ajabu, kwa maana mkono ndio unaopeleka moto kwenye utambi.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya wenye nyumba huko wamegeukia mitambo ya kuwasha fataki kwa umeme kutoka mbali. Utaratibu wake si mgumu, na mwalimu wa fizikia aweza kuueleza ubaoni. Mwashaji hubonyeza rimoti, nayo hutuma mawimbi ya redio kwa kipokezi chenye betri kilicho karibu na fataki. Kipokezi huruhusu mkondo upite hadi kwenye waya mwembamba ulioshikizwa kwenye utambi. Kwa kuwa waya huo huupinga mkondo, hupata joto jingi na utambi ukashika. Ni kanuni ile ile ya pasi ya umeme.

Je, mtambo huu umeondoa hatari? Wengi hudhani hivyo. Mimi nasema la. Kinachomlinda mtu ni umbali, na mtambo ni njia tu ya kuupata umbali huo.

Ushahidi upo. Usiku wa tarehe 4 Julai 2012, mjini San Diego, maelfu ya fataki zilikuwa zimepangwa kuwashwa na kompyuta kwa zaidi ya robo saa. Amri zilizomo katika kompyuta zilikuwa na kasoro, na fataki zote zikalipuka katika muda usiofika nusu dakika. Hao waliokuwa wataalamu, sembuse baba wa nyumba na rimoti yake! Hata hivyo, hakuna aliyejeruhiwa, kwa kuwa fataki zilikuwa juu ya matishari majini, mbali na watazamaji. Mtambo ulikosea, lakini umbali ukawaokoa watu.

Basi hatari kubwa huja pale mtu anapouvunja umbali huo kwa hiari yake. Kitufe kimebonyezwa, fataki moja haikuwaka. Watoto wananung'unika, naye mwashaji anaona haya, anaikaribia na kuiinamia. Huenda utambi unafuka ndani kwa ndani. Ushauri wa wataalamu ni kwamba asubiri dakika 20, kisha ailoweshe majini, wala asijaribu kuiwasha tena. Vilevile, asipime nyaya kwa betri na balbu ya kawaida, kwani mkondo unaowasha balbu waweza kutosha kuwasha fataki. Vipimo vya mitambo hii hutumia mkondo hafifu mno, na hata hivyo watu wote hutakiwa kuwa mbali wakati wa kupima.

Mitambo mingi ina ufunguo, na bila huo haiwashi kitu. Ufunguo huo ukae mfukoni mwa mtu mzima mmoja tu, asiyekunywa pombe, hasa anapokwenda kuunganisha nyaya. Ukiachwa mezani, mtoto aweza kuugeuza hali baba yake ameinama juu ya baruti.

Walimu wenzangu, tunapofundisha saketi, tusiishie kwenye hesabu za volti na ampea. Tuwafunze wanafunzi kujiuliza swali hili kabla ya kufunga swichi yoyote: nani amesimama upande wa pili wa waya?