Metali za Makapuku na Rekodi Zake

Ukishuka Zuzu, nje kidogo ya katikati ya Jiji la Dodoma, wekundu unaokuganda viatuni ni chuma kilichoshika kutu. Tuanze nacho, maana kati ya metali nne za bei nafuu tutakazozipitia, kwa wingi ndicho kinachoongoza. Katika tani 1,000 za mwamba wa kawaida wa gamba la dunia, chuma ni kama tani 50. Rodiamu, kipenzi cha wakemia kwa miaka mingi, haizidi gramu moja hivi. Si ajabu kwamba mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilipita dola 29,000. Wakia ni gramu 31 tu, na kwa fedha hiyo unanunua gari.

Kazi inayozishindanisha metali hizi ni ya uchochezi. Kichocheo, kwa aliyeachana nacho kidato cha nne, huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Metali hufanya hivyo vizuri ikizungukwa na molekuli zinazoishika na kuielekeza, yaani ikiwa changamano. Ikifanya kazi kwa joto dogo na kuacha taka chache, mazingira nayo yanapumua.

Mkongwe ni shaba. Carl Glaser aliitumia kuunganisha molekuli za kaboni mwaka 1869, na miaka 153 baadaye ilikuwa bado jukwaani: Nobel ya 2022 iliwafikia Morten Meldal na Barry Sharpless kwa sababu yake. Carolyn Bertozzi, aliyeshinda pamoja nao, alitafuta njia ya kuunganisha bila shaba, kwa kuwa chembe hai haziivumilii. Wakulima wa zabibu wanaopulizia dawa ya shaba kuua ukungu hawatashangaa.

Mtenda kazi mkubwa kiwandani ni titaniamu. Kabla ya Karl Ziegler, mwaka 1953, polithini ilihitaji mgandamizo unaozidi mara elfu ule wa hewa tunayovuta. Yeye, kwa msaada wa titaniamu, akaipata kwa mgandamizo wa kawaida. Giulio Natta akaendeleza, na ndoo nyingi za plastiki tunazotekea maji zina asili hapo.

Jirani wa karibu kuliko wote ni nikeli. Haneti, wilayani Chamwino, hutoa krisoprezi, kito ambacho kijani chake chote ni nikeli. Metali hiyohiyo ndiyo aliyoitumia Wilhelm Normann katika hataza yake ya mwaka 1902 ya kugandisha mafuta ya maji kuwa mafuta mazito, na alizeti ya kanda hii ingegandishwa vivyo hivyo. Metali ghali ya paladiamu ilipopewa Nobel mwaka 2010 kwa kuunganisha kaboni, wengi walisahau kwamba nikeli ilikuwa imeiunganisha tangu mwaka 1972, mikononi mwa Makoto Kumada huko Japani na Robert Corriu huko Ufaransa. Nayo isisifiwe kupita kiasi: vumbi la misombo yake linaweza kusababisha saratani.

Nimebakiza rekodi ninayoipenda zaidi, ya sifa kubwa kupita zote kwa asiyestahili. Kloridi ya chuma ilikuwa ikishangiliwa kwa miunganisho kadhaa, hadi mwaka 2009 Stephen Buchwald na Carsten Bolm walipoijaribu ikiwa safi zaidi ya asilimia 99.99. Ikawa goigoi. Wakaitia shaba, sehemu chache tu kwa milioni, ikaamka. Uchafu ndio uliokuwa ukifanya kazi. Aibu kidogo kwa chuma, ila gharama haikupanda: shaba nayo ni ya makapuku.