Kabla ya kumpa mchungaji mimbari, ulizeni alikotoka

Jumapili saa nne asubuhi pale Namanga, kapu la sadaka hurudi na noti za nchi mbili. Mweka hazina huuliza kwanza bei ya siku kwa wabadilisha fedha ndipo ahesabu. Nusu ya waumini hawapo: mmoja yuko njiani na vitunguu, mwingine kalala Nairobi akingoja mzigo. Kanisa la watu wa namna hii likibaki bila mchungaji, litafute nani?

Si kila kanisa huchagua. Kwa Wakatoliki, askofu ndiye anayempanga paroko, na paroko akifikisha miaka 75 huombwa kuandika barua ya kung'atuka. Walutheri wa Tanzania hupangiwa na dayosisi. Lakini kwa Wabaptisti, na kwa makanisa mengi ya Kipentekoste, uamuzi ni wa waumini wenyewe. Wazee huunda kamati, mgombea huitwa kuhubiri Jumapili moja au mbili, kisha kura hupigwa.

Tatizo liko kwenye hizo Jumapili mbili. Mtu yeyote ana mahubiri mawili mazuri.

Niliwahi kukaa kwenye kamati kama hiyo. Mgombea alikuwa na sauti, alijua kuchekesha, na watoto walimpenda. Tukapiga kura siku hiyohiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyepanda basi kwenda kuuliza kanisa alilotoka. Miezi minane baadaye tuligundua kwamba alikuwa akiwakopa akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, mmoja mmoja, na kila mmoja akiombwa asimwambie mwenzake. Mama mmoja alimpa fedha ya mzigo wa viatu vya Krismasi. Msimu ukapita meza yake ikiwa tupu. Tulipopiga simu kule alikotoka, walikuwa wanamjua vizuri. Walishangaa tu kwamba hatukuuliza.

Sisi ndio walewale ambao hatutumi hata senti kwa muuzaji mpya wa Kampala kabla hatujauliza waliofanya naye biashara. Mali kauli hapewi mgeni. Hata mzigo mdogo, wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukipita mpakani kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatakiwa uwe na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Iweje mtu atakayejua siri za nyumba zetu apite bila hata barua?

Serikali nazo zimeanza kuuliza. Sheria ya Rwanda ya 2018 iliwataka wahubiri wawe na shahada inayohusu dini, na ikawapa miaka mitano ya kujiandaa. Kenya, baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa Shakahola kuanzia 2023, mjadala wa kudhibiti wahubiri uliwaka upya. Shahada ni jambo jema, ila haisemi kama mtu analipa madeni yake.

Kwa hiyo kamati iende. Wazee wawili, nauli itoke kwenye sadaka, na wasiongee na viongozi peke yao. Wamtafute mweka hazina wa kule, mwenye nyumba aliyompangisha, na mama muuza duka anakochukua unga kwa daftari.

Wakirudi, wamuulize mgombea mambo ya hapa kwetu. Kiswahili anacho, lakini bibi wa Kimaasai asiyekijua atamsikiliza kwa njia gani? Mama akiwa safarini siku nne na mtoto akaugua, atafika nyumbani? Muumini akifia upande wa pili wa mpaka, yuko tayari kusimama na familia kwenye foleni ya vibali vya kusafirisha mwili? Na akaunti ya kanisa, anakubali isitoke fedha bila saini za watu watatu, yeye asiwe mmoja wao? Akinuna kwa swali hilo la mwisho, kamati imeshapata jibu.

Halafu kuna siku yenyewe ya kura. Itangazwe wiki tatu kabla, na isiangukie wakati wa gulio kubwa, maana wanaojua kupima watu ndio hao walioko barabarani.