Mabaka meusi na meupe hayatoshi kumfanya ng'ombe kuwa Friesian

TANGAZO la kuuza ng'ombe halihitaji maneno mengi. "Friesian halisi, mimba ya pili, lita 25, yuko Njoro, bei ni ya maelewano," na chini yake picha moja ya ng'ombe mwenye mabaka meusi na meupe, amesimama kando ya ua. Mnunuzi aliye Kisii au Kitui huitazama picha, akaona mabaka, akaamini. Wiki mbili baadaye zaidi ya shilingi laki moja zimetoka benki, ng'ombe ameteremshwa kutoka kwenye lori, na zile lita 25 zimegeuka tisa.

Si lazima muuzaji awe amekusudia kudanganya. Mara nyingi yeye mwenyewe aliuziwa vivyo hivyo, kwa rangi. Katika eneo la kati la Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Molo na kupanda Mau Narok, rangi ndiyo lugha ya kwanza ya soko la ng'ombe wa maziwa. Tatizo ni kwamba lugha hiyo husema machache kuliko tunavyodhani.

Yapo inayoyasema kweli. Friesian, ambaye asili yake ni Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, ana mabaka yenye mipaka iliyo wazi, na aghalabu sehemu ya chini ya miguu na ncha ya mkia huwa nyeupe. Ayrshire wa Scotland ni mwekundu na mweupe, na kingo za mabaka yake zimechanikachanika. Sahiwal, aliyetoka Punjab na ambaye kituo chake cha taifa cha uzalishaji kiko Naivasha, ni mwekundu wa udongo, ana nundu na ngozi inayoning'inia shingoni.

Wanaochanganywa zaidi ni Jersey na Guernsey. Katika matangazo mengi, kila ng'ombe wa rangi ya maji ya kunde huitwa Jersey. Atakaye kuwatofautisha na atazame pua kabla ya ngozi: pua ya Jersey ni nyeusi na imezungukwa na pete ya manyoya meupe, ilhali ya Guernsey huelekea rangi ya waridi au ya ngozi, na mwili wake huwa na mabaka meupe juu ya rangi inayokaribia dhahabu. Picha iliyopigwa kutoka ubavuni, kichwa kikiwa ndani ya hori, haimsaidii mtu yeyote.

Hapa mhariri anaomba ruhusa ya kulalamika kidogo. Matangazo yetu hutumia neno "madoadoa" kwa kila kitu. Doa ni dogo. Baka ni pana. Milia ni mistari. Ng'ombe wa milia si ng'ombe wa mabaka, na mtu aliyeibiwa mmoja hatapata msaada polisi akimwelezea kama mwingine. Wamaasai na Wakalenjin wana maneno mengi ya rangi na michoro ya ng'ombe, na hakuna aibu Kiswahili kikijifunza kutoka kwa majirani hawa waliokaa na mifugo muda mrefu.

Kosa la kwanza kubwa ni kudhani kwamba kila ng'ombe mwekundu na mweupe ni Ayrshire. Katika Friesian, weusi hutawala na wekundu hujificha. Ng'ombe anaweza kuwa mweusi na mweupe kwa nje, kumbe amerithi wekundu kutoka kwa mzazi mmoja. Akipandishwa kwa mbegu za fahali mwenye siri hiyohiyo, kuna nafasi moja katika nne ya kuzaa ndama mwekundu na mweupe, na ndama huyo ni Friesian kamili. Vyama vya wafugaji wa ng'ambo vilikataa kwa miaka mingi kuwasajili ndama wa aina hiyo, na huenda ndiko ilikotoka dhana kwamba wana kasoro. Hawana.

Ugomvi ulioletwa na ndama hawa si mdogo. Mfugaji hulipia mbegu za Friesian, miezi tisa ikatimia, akaletewa kitu chekundu. Hapo hapo mtaalamu wa upandishaji anashutumiwa kwa kubadilisha mrija. Kabla ya kumshutumu, lisomwe jina la fahali. Katalogi za mbegu kwa kawaida hutaja fahali aliyebeba wekundu. Ikiwa hakubeba, basi mfugaji ana haki ya kuuliza maswali. Kinyume chake pia huweza kusomwa: wazazi wawili wekundu hawatarajiwi kuzaa ndama mweusi, na anapozaliwa, ni busara kukagua ua upande wa fahali wa jirani.

Kosa la pili ndilo lenye hasara zaidi. Friesian akizalishwa na zebu wetu wa kienyeji, ndama wa kwanza mara nyingi hutoka mweusi karibu mwili mzima, kwa sababu rangi isiyo na mabaka huyatawala mabaka. Huyo hadanganyi mtu. Lakini akipandishwa tena kwa Friesian, kizazi kinachofuata huanza kuonyesha mabaka mazuri ajabu, ilhali damu ya Friesian ni robo tatu tu. Rangi huongozwa na jeni chache. Maziwa huongozwa na jeni nyingi mno, pamoja na lishe na matunzo. Ndiyo maana ngozi hufika Uholanzi mapema kuliko kiwele.

Namna ya kuthibitisha ipo, tena iko Nakuru kwenyewe. Kitabu cha usajili wa mifugo ya asili bora, Kenya Stud Book, kilianzishwa mwaka wa 1920, na shirika la wafugaji linalokitunza lina makao yake mjini humo. Ng'ombe aliyechanganywa hupandishwa ngazi kizazi baada ya kizazi, akizalishwa na fahali waliosajiliwa: nusu, robo tatu, saba juu ya nane, kumi na tano juu ya kumi na sita, hadi atakapohesabiwa kuwa wa asili kamili. Ngazi hizo huandikwa kwenye cheti chenye namba inayopaswa kulingana na namba iliyo sikioni. Neno "halisi" ndani ya tangazo bila namba hiyo ni maoni ya muuzaji, na yachukuliwe hivyo.

Jambo la tatu halihusu ukoo bali afya. Weusi ukififia na kuwa kama kutu, hasa pembezoni mwa macho, mnunuzi huambiwa "ni jua tu." Huenda ni jua. Huenda pia mnyama amekosa madini ya shaba, kwani upungufu huo huondoa rangi ya manyoya. Bonde hili lina historia ya upungufu wa madini: maradhi ya kudhoofika kwa mifugo yaliyotokana na ukosefu wa kobalti malishoni yalipewa hata jina la Nakuruitis. Kwa hiyo anayemwona Friesian wa rangi ya chai asikimbilie kumwita chotara; aulize kwanza kama hulambishwa chumvi yenye madini.

Farasi nao wana mtego wao. Farasi wengi wanaotangazwa kuwa "weupe" walizaliwa wakiwa na rangi nyeusi au kahawia, na hufifia kadiri miaka inavyopita, hivi kwamba maelezo ya cheti cha utotoni hayafanani tena na mnyama aliyesimama mbele yako.

Mabaka ya ng'ombe hayana hila hiyo. Aliyozaliwa nayo ndama ndiyo atakayokufa nayo. Hukua tu pamoja na mwili. Kwa hiyo tangazo la haki lina picha ya ubavu wa kushoto, ya ubavu wa kulia na ya uso, likataja namba ya sikio, jina la fahali aliyemzaa na tarehe aliyozaa mara ya mwisho, kwani lita 25 za mwezi wa pili baada ya kuzaa si lita 25 za mwezi wa nane. Kwa ng'ombe wa rangi moja, asiye na baka la kumtambulisha, ipo alama ya pua: mikunjo yake hutofautiana kati ya mnyama na mnyama kama alama za vidole vyetu, na huchukuliwa kwa wino na karatasi.