Kwanjula Ndiyo Ndoa Yenyewe

Wageni wanaoalikwa kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kwa wakwe, jijini Kampala mara nyingi huondoka na dhana mojawapo kati ya mbili. Wapo wanaodhani wameona sherehe ya uchumba tu, na kwamba ndoa itafungwa wiki chache baadaye katika kanisa kuu la Namirembe au la Rubaga. Wengine huapa kwamba wameshuhudia binti akiuzwa kwa vikapu vya sukari na mapande ya nyama. Dhana zote mbili ni potofu. Kinachoumiza ni kwamba siku hizi hata vijana wa Kiganda waliokulia vitongoji vya jiji kama Ntinda na Muyenga wanazikariri.

Kwa mila ya Buganda, kijana anayetoka kwenye ua wa wakwe zake jioni ile ameshaoa. Hakuna kasisi aliyemfungisha, wala hakuna leseni iliyotundikwa ukutani. Waliofungisha ndoa ni ndugu.

Kazi yao huanza mapema, nayo huanza kwa ssenga, dada wa baba yake binti. Kijana mwenye adabu haendi kwa baba mkwe kabla hajafika kwa ssenga, ziara inayoitwa kukyala. Hapo huulizwa swali lililo zito kuliko mshahara wake na gari lake: wewe ni wa ukoo gani? Baganda wana koo zaidi ya 50, na kila ukoo una muziro wake, aghalabu mnyama au mmea ambao wanaukoo hawaruhusiwi kula wala kudhuru. Kwa kawaida mtu haoi katika ukoo wake, wala katika ukoo wa mama yake. Kijana wa Nkima na binti wa Nkima ni kaka na dada, hata kama mmoja alizaliwa Masaka na mwenzake Jinja na hawajawahi kuonana. Ssenga akigundua hilo, shauri linakufa palepale, kabla hema halijakodiwa.

Siku ya kwanjula yenyewe, swali lile huulizwa tena, safari hii mbele ya watu wote. Msafara wa mume huingia uani kwa foleni, wanaume wakiwa wamevaa kanzu na koti, wanawake gomesi. Kanzu hiyo ilifika Buganda katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa pwani, na leo hakuna mwanamume anayesimama mbele ya wakwe bila hiyo. Msemaji wa upande wa mume, mwogezi, hutaja nasaba: kijana, baba yake, babu yake, kisha olunyiriri, omutuba na essiga, ngazi za ukoo, hadi kwa mkuu wa ukoo. Wazee wa upande wa pili husikiliza kila jina. Wanatafuta pingamizi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1904, iliyoletwa na Waingereza, inadai kitu hichohicho. Wanaotaka ndoa ya serikali hupeleka taarifa kwa msajili, ikabandikwa hadharani kwa siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tofauti ni kwamba karatasi ya ofisini husomwa na wapita njia, ilhali nasaba husikilizwa na watu wanaomjua bibi wa kila mmoja wao.

Kisha ssenga huinuka, hupita katikati ya wanaume walioketi, humtambua mume na kumtangaza. Ndipo zawadi huingia: kanzu ya baba, gomesi ya mama, pombe ya ndizi, na lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho UNESCO ilitambua utengenezaji wake mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Ya mwisho, na nzito kuliko zote, ni jogoo wa muko, yaani kaka wa bibi harusi. Mume humkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Muko akishampokea, amekuwa shahidi na mdhamini. Nyumba ile ikiingia matata, yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Jogoo asipotolewa, wazee huhesabu kwamba shughuli haijaisha.

Je, hapo kuna aliyenunuliwa? Suala la mahari lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Uganda katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi. Tarehe 6 Agosti 2015 majaji waliamua kwamba mahari haivunji Katiba, bali kudai irudishwe ndoa inapovunjika ndiko kunakovunja. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kanzu na jogoo ni shukrani, na shukrani hairudishwi.

Tatizo la leo si keki, limuzini wala fungate; hayo ni mambo ya kila jiji.

Kinachotoweka ni ndugu wenyewe. Mwogezi wa leo mara nyingi ni mtu wa kukodiwa mwenye kipaza sauti, aliyekariri nasaba ya familia asiyoijua. Yuko hata ssenga wa kulipwa. Nasaba ikisomwa na mgeni, nani atamsahihisha?

Na wakati mila ikikabidhiwa kwa wa kukodi, maharusi wanahangaika kumtafuta wa kuwafungisha "ndoa halali". Wengine hukimbilia makanisa mapya, wakisahau kwamba chini ya sheria ya 1904 kanisa lazima liwe na leseni ya kufungishia ndoa. URSB, idara ya usajili ya serikali, imeonya kuhusu hilo zaidi ya mara moja. Waislamu wamepata njia nyepesi: sheikh huozesha palepale, siku ileile ya kwanjula.

Wengine nao wana mlango uliowekwa tangu 1973, kwa sheria ya usajili wa ndoa za kimila. Haidai mfungishaji. Inawataka mume na mke, ndani ya miezi sita, wafike kwa msajili wa eneo lao pamoja na mashahidi wawili walioshuhudia shughuli. Kampala ina divisheni tano, hivyo safari si ndefu. Hata hivyo wengi hawaendi, na mjane anayefiwa na mume hubaki akibishana na wakwe bila cheti mkononi.

Serikali ingeweza kuwafuata. Msajili wa divisheni aalikwe kwenye kwanjula kama anavyoalikwa mchungaji, apewe kiti na meza chini ya hema, na kabla chakula hakijapakuliwa, ssenga na muko waitwe watie sahihi kama mashahidi wawili.