Kabla Hujatuma Hela ya Kadi ya Grafiki

Ukiletewa kadi ya grafiki iliyoandikwa GTX 1050 Ti, usianze na boksi wala maneno ya muuzaji. Igeuze, tazama upande wa matundu. Ukiona tundu la bluu la VGA, lile la kuchomeka skrini za zamani, rudisha hela mfukoni. GTX 1050 Ti ya Nvidia ilitoka mwaka 2016, na kizazi chake cha chipu kilikuwa kimeshaachana na mawimbi ya analogia ambayo VGA inayahitaji. Iliyo halisi huwa na HDMI, DisplayPort na DVI. Yenye tundu la bluu, mara nyingi, ni GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya mwaka 2011 iliyopewa jina la mjukuu wake.

Ujanja wenyewe ni mwepesi. Kila kadi ina chipu ndogo ya bayosi, na kompyuta inapowaka, hiyo ndiyo inayoitambulisha kadi: jina, kasi, ukubwa wa memori. Tapeli hufuta maelezo hayo na kuandika ya kwake. Windows haina sababu ya kubisha. Itaonyesha GTX 1050 Ti yenye memori ya gigabaiti 4, ilhali kwenye bodi kuna gigabaiti 1 tu. Muuzaji akikufungulia video ya YouTube mbele yako, kila kitu kinakwenda. Gemu likianza kupakia mji mzima na kudai memori isiyokuwepo, picha inaganda au skrini inakuwa nyeusi. Wakati huo yeye yuko Gongo la Mboto, wewe uko Tegeta, na namba yake haipatikani.

Kuna sentensi moja ambayo wauzaji wa kadi hizi hushindwa kuizuia: "Mkuu, usiapudeti draiva." Inatolewa kama ushauri wa mtu mwema. Sababu yake ni kwamba Nvidia ilikwishaacha mwaka 2018 kutoa draiva mpya za kawaida kwa chipu za kizazi cha GTS 450. Ukiweka draiva iliyotoka baada ya hapo, ambayo bado inaitambua GTX 1050 Ti halisi, uongo unaumbuka.

Kinga yake haina gharama. Programu ya GPU-Z ni ndogo, ni ya bure, inaingia kwenye flashi na hufunguka bila kusakinishwa. Haitegemei jina lililoandikwa kwenye bayosi. Huisoma chipu yenyewe, na tangu mwaka 2018 imeongezewa uwezo wa kuzitambua kadi hizi: huweka neno FAKE mbele ya jina. Hata bila neno hilo, tazama idadi ya viini vya kuchakata. GTX 1050 Ti ina 768. GTS 450 ina 192. Hapo hakuna cha kubishana.

Idadi hiyohiyo itakusaidia kwenye kadi inayotafutwa sana na vijana wa gemu, RX 580 ya AMD. Ya kawaida ina viini 2304. Mwaka 2018 AMD ilitoa nyingine kwa soko la China, RX 580 2048SP, ambayo kwa nguvu ni RX 570. Hiyo si feki, imetoka kiwandani hivyo. Shida inakuja pale herufi "2048SP" zinapopotea njiani kati ya tangazo la kwanza na la tano, na wewe unalipa bei ya kaka mkubwa kwa mdogo wake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu huliogopa kuliko yote: kadi iliyochimba sarafu za kidijitali. Kwa miaka kadhaa mabanda ya kompyuta duniani yalijaa kadi zilizokesha zikichimba ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili utaratibu wake, na uchimbaji wa ether kwa kadi ukafa siku hiyohiyo. Wachimbaji walibaki na rundo la vyuma visivyo na kazi, na soko la mtumba likafurika.

Maoni yangu ni kwamba hofu hii imekuzwa. Mchimbaji anayejua kazi yake hupunguza umeme unaoingia kwenye chipu, kwa sababu bili ya umeme inakula faida yake. Kadi yake hukaa kwenye joto lilelile siku nzima, wakati ya mcheza gemu hupanda joto na kupoa kila siku, jambo linalochosha viungio vya lehemu. Kinachochakaa hasa ni feni. Mwaka una saa 8,760. Anayecheza saa tatu kwa siku hafikishi hata saa 1,100 kwa mwaka, kwa hiyo feni ya mchimbaji huzunguka kwa mwaka mmoja kazi ya karibu miaka minane. Lakini feni hubadilishwa. Mimi ningechukua kadi ya mchimbaji aliyekiri kuliko ile ya "binti yangu alikuwa anaitumia kwa masomo tu", yenye vumbi jeusi lililoganda hadi kwenye skrubu.

Pamoja na hayo, zipo za kuepuka. RTX 3080 na 3090 zina memori za aina inayochemka haraka, na uchimbaji wa ether ulikuwa unaifanyisha kazi memori kuliko kitu kingine chochote. Nyingi zilifika nyuzi 110, kiwango ambacho kadi hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwenye 3090 memori nyingine ziko mgongoni mwa bodi, mbali na upepo wa feni. Kwa RX 570 na 580, wachimbaji walizoea kuchezea bayosi ili memori ikimbie zaidi. Kadi ya namna hiyo huweza kuwaka vizuri tu, kisha ndani ya gemu vikaanza kutokea vidoti na miraba ya rangi. Halafu kuna P106-100, ndugu wa GTX 1060 aliyetengenezwa kwa uchimbaji pekee, asiye na tundu hata moja la skrini. Muuzaji anayepiga picha za mbele, nyuma na juu lakini hana ya upande wa matundu, mwombe hiyo. Akisema simu imeisha chaji, umeshapata jibu.

Huko Marekani na kwingineko mambo yamefika mbali zaidi. RTX 4090 ilitoka mwaka 2022 kwa bei ya dola 1,599, na Oktoba 2023 serikali ya Marekani ikazuia isiuzwe China. Chipu zake zikawa dhahabu kwa kazi za akili mnemba. Baada ya hapo mafundi wakaanza kuletewa kadi za 4090 zilizonunuliwa mtumba, zisizotoa picha. Wakilifungua lile pande la chuma la kupoozea, wanakuta bodi ina nafasi tupu: chipu kuu haipo, memori hazipo, zimeng'olewa na kupelekwa kwenye bodi nyingine. Nyingine walikuta zimewekewa chipu ya kizazi kilichotangulia, ikiwa imechongwa maandishi mapya juu yake. Uzito wa kadi uko vilevile, feni zipo, stika zipo. Picha kumi za WhatsApp hazikuoneshi lolote kati ya hayo.

Kwetu, jambo linalofanana na hilo ni kadi iliyopikwa. Chipu kuu imeshikizwa kwenye bodi kwa vijipira vidogo vya lehemu, na vikipasuka kadi hufa. Ukiipuliza kwa hewa ya moto mahali pale, huweza kufufuka kwa siku au wiki kadhaa, muda unaotosha kabisa kuiuza. Tafuta dalili: rangi ya bodi iliyobadilika kuzunguka chipu, plastiki iliyojikunja, utomvu wa kahawia ulioganda, vichwa vya skrubu vilivyoliwa. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, angalia pia kutu kwenye bati la matundu na ukijani kwenye shaba. Hewa ya chumvi huingia hata mahali ambapo hakuna aliyeshika bisibisi.

Lakini tumtendee haki muuzaji pia. Kadi nyingi zinazorudishwa kwa ugomvi hazina ubovu wowote. Kompyuta za mezani zilizoenea mijini kwetu ni mtumba wa maofisi, kama Dell OptiPlex 7010. Ile ndogo ina pawa saplai ya wati 240. RX 580 peke yake hula takribani wati 185 na inadai waya wa umeme wa pini nane ambao mashine hiyo haina. Mtu anaunga waya wa kienyeji kutoka kwenye umeme wa diski, mashine inazima, anampigia muuzaji kumtukana. Kwa mashine hizo tafuta kadi inayokula umeme wa kwenye sloti tu, wati 75, na ya umbo fupi, la sivyo haitaingia kwenye kasha.

Basi majaribio yafanyike wapi? Kwa fundi unayemjua wewe, siyo anayependekezwa na muuzaji. Mlipe kwa muda wake. Nenda na flashi yako yenye GPU-Z, draiva mpya uliyoipakua mwenyewe na FurMark, programu ya kuikamua kadi. Nenda pia na kebo, ujaribu kila tundu, kwa kuwa tundu moja likiwa limekufa bei inashuka. Iache ikamuliwe dakika kumi na tano huku macho yako kwenye namba za joto. Joto linapanda na kutulia mahali fulani. Likiendelea kupanda hadi kadi ijipunguze kasi, kuna kazi ya kusafisha na kubadilisha mafuta ya kupoozea, na hiyo itolewe kwenye bei. Sikiliza feni ikiwaka, na isikilize tena ikizima, maana beringi mbovu hukwaruza zaidi inapopunguza mwendo. Maliza kwa gemu halisi, lile utakalolicheza nyumbani. Muuzaji mwenye kitu chake halali atakaa kwenye benchi, atalalamika kwamba unamchelewesha, lakini atakaa.

Ugumu unakuja mnapokuwa mikoa tofauti. "Tuma nusu, naipakia kwenye basi la usiku, hii hapa risiti." Picha ya risiti huweza kutumwa kwa watu ishirini, na boksi linaweza kuwa na chochote. Kama una ndugu au rafiki mjini kwa muuzaji, aende yeye na fundi. Kama huna, ngoja kadi ya hapo ulipo. Wakenya wengine hujipa moyo kwamba M-Pesa inaweza kurudishwa kwa kusambaza ujumbe wa muamala kwenda 456. Huduma hiyo ni ya aliyekosea namba, na tapeli huitoa hela kwa wakala kabla hujamaliza kuusoma ujumbe.

Bei iliyo chini kupita kiasi nayo huweza kuwa na maelezo mengine: kadi imetoka kwenye maabara ya shule au ofisi iliyovunjwa usiku. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na namba ya mfululizo ya kadi iliyobanduliwa haitakusaidia kujieleza kituoni. Andika namba hiyo pamoja na jina la muuzaji kwenye karatasi, mtie saini wote wawili. Akikataa kuandika, usinunue.

Ukishapigwa, utahitaji ushahidi ambao huenda umeshaanza kupotea. Piga picha ya tangazo, ukurasa wake na mazungumzo yote siku unapolipa, kabla ya ugomvi wowote, kwa sababu akaunti hufutwa mara tu malalamiko yanapoanza. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na namba ya simu ya tapeli inaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Polisi watataka muamala, namba na picha hizo. Anayefika kituoni na kadi bovu mkononi bila kitu kingine huulizwa aliinunua kwa nani, na hapo ndipo maelezo yanapoishia.